Chokaa, CHAN na Nyumba ya Bibi

Wazanzibari wengi tunaoishi Ulaya tuna nyumba za simu. Nyumba ipo kweli, ina kuta, ina mlango, ina hati, ila sisi tunaiona WhatsApp tu. Leo picha ya bati lililotoboka, kesho picha ya risiti, keshokutwa ujumbe mrefu wa sauti wa jamaa akieleza kwa nini pesa ya wiki iliyopita haikutosha. Mtu anaweza kukarabati nyumba namna hiyo miaka nenda miaka rudi na asijue mlango wa chooni unafungukia upande gani.

Yetu iko Kiponda, Mji Mkongwe. Ni nyumba ya bibi mzaa mama. Alipofariki, vikafanyika vikao vya mirathi, chai ikanywewa, sauti zikapanda na kushuka, mwisho mama na ndugu zake wakakubaliana isiuzwe. Mzigo wa kuitengeneza ukaja kwetu tulio nje, kwa sababu inaaminika kwamba pauni huku zinachumwa mitini.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ghorofa mbili, na mlango wake wa kuchonga unatazama uchochoro ambao watu wawili wenye vikapu hawapishani bila kuombana radhi. Kuta ni matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, nene kiasi kwamba utotoni mimi na binamu zangu tulikuwa tukilala usingizi wa mchana kwenye vina vya madirisha. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haipatikani ndefu sana ikabaki na nguvu yake, kwa hiyo vyumba vyote ni vyembamba, karibu mita tatu upana, halafu vinakwenda mbele na kwenda mbele. Jirani yangu wa Coventry alipoona picha aliuliza kwa nini bibi yangu aliishi kwenye korido.

Mwaka mmoja, masika yalipopita, ukuta wa upande wa uchochoroni ukaanza kubanduka plasta. Jamaa aliyekuwa akitusimamia akaita fundi, fundi akaja na saruji. Kwenye picha ukuta ulipendeza, laini, umenyooka, umepakwa rangi ya maziwa. Tukashukuru, tukatuma pesa. Hazikupita masika mbili ukuta ukavimba, rangi ikafanya malengelenge, na unga mweupe wa chumvi ukaanza kuanguka sakafuni. Akaja fundi mwengine, akapiga saruji nzito zaidi. Tukatuma pesa tena.

Hapa nieleze kidogo, maana najua wasomaji wangu wengi wana kuta za aina hii na wanaendelea kuzizika kwenye saruji. Ukuta wa matumbawe wa pwani haukosi maji. Yanapanda kutoka ardhini, yanashuka paa likivuja, yanaingia na hewa ya bahari, na jiwe lenyewe limetoka baharini na chumvi yake. Chokaa huyapokea maji hayo na kuyaachia yatoke. Ukuta unalowa masika, unakauka kusi, maisha yanaendelea. Saruji ni ngumu na imebana. Maji yakishafika nyuma yake hayana pa kutokea, yanakaa humo, chumvi inajikusanya na kusukuma, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinalala kwenye unyevu mwaka mzima. Kwa nje unaona ukuta mpya. Kwa ndani jiwe linageuka mchanga na mti unaoza.

Nikiwa na hasira za ukuta ule nilisoma kwamba saruji hii ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, na aliyepewa ni muashi wa Leeds aitwaye Joseph Aspdin. Leeds si mbali na ninapoishi. Na Waingereza wenyewe, kwenye nyumba zao kongwe za matofali zilizojengwa kwa chokaa, wanalia kilio kile kile: mtu kaja na saruji kuziba maungio, tofali likaanza kumeguka.

Mpango wa kwenda kukaa wenyewe na kusimamia kwa macho yetu ulikuwa ukizungumzwa kila Idi na kufa wiki moja baada ya Idi. Kazi, shule, nauli. Kilichotutoa nyumbani hatimaye ni mpira.

CHAN ni mashindano ya timu za taifa kwa wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, na safari hii wenyeji walikuwa watatu kwa pamoja, Kenya, Tanzania na Uganda. Ilikuwa ichezwe Februari 2025. Januari, zikiwa zimebaki wiki chache, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikasogeza mpaka Agosti ili viwanja na huduma nyengine vipate kukamilika. Mitandaoni watu walilalamika sana. Nyumbani kwetu ilikuwa sherehe. Februari watoto wako shuleni, na Unguja ni kaskazi, jua kali, chokaa unapaka asubuhi mchana ishapasuka. Agosti ni likizo ndefu ya Uingereza, na kule ni kusi, kuna upepo, kuna ubaridi, mvua za kuhesabu. Mume wangu, mtu wa Kibokoni, Mombasa, aliangalia ratiba akaona Harambee Stars, timu yao ya Kenya. Watoto wakaona uwanja. Mimi nikaona mwezi mzima wa chokaa kukauka taratibu.

Vibali tulivianza mapema. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Huwezi kubadilisha dirisha kwa sababu umeliona zuri Dubai. Sisi hatukutaka kubadilisha kitu, tulitaka kurudisha, na maelezo ya namna hiyo ni mepesi kuyaandika. Tuliomba ukuta wa uchochoroni na chumba cha chini kilichoegemea ukuta huo. Basi. Nawaomba mnaopanga kazi hizi mchague ukuta mmoja. Nyumba ya mawe ukiifungua yote kwa pamoja itakumaliza wewe kabla hujaimaliza yenyewe.

Tulipitia Dar kwanza kwa sababu ya mechi ya ufunguzi, Agosti 2, Taifa Stars na Burkina Faso. Wanangu walikuwa wamezoea viwanja vya Uingereza ambako ukisimama nyuma yako wanakwambia ukae. Uwanja wa Mkapa hakuna aliyekaa. Kuna mama mmoja safu ya mbele yetu, kajitanda kanga ya bendera, ana filimbi mdomoni na mtoto mgongoni, na mtoto analala. Sopu akafunga penalti kabla tu ya mapumziko, kipindi cha pili Tshabalala akaongeza la pili, na mwanangu wa kiume, ambaye kwa kawaida haongei na mtu asiyemjua, nikamkuta amekumbatiwa na baba mzima mwenye jezi ya Simba. Mume wangu alipiga makofi ya heshima. Alikuwa akisubiri kesho yake, Kenya na Kongo, aliyoitazama kwenye simu huku amesimama foleni ya boti.

Boti ya Unguja ni kiasi cha saa mbili. Mwanangu wa kike alitapika moja kati ya hizo.

Fundi tulipewa na jirani wa Kiponda, mzee wa makamo ya mama yangu, muashi mtoto wa muashi. Sitamtaja jina kwa sababu hapendi mambo ya mitandao, tumwite Fundi. Watoto wakamwamkia shikamoo, akawaitikia, kisha hakututazama tena. Alikwenda moja kwa moja ukutani akaweka kiganja. Akakiweka chini, akakiweka juu, akagonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza. Halafu akatoa bisibisi ndefu mfukoni, akapanda ngazi, akaichomeka kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Ikazama mpaka kwenye mpini, bila nguvu. Akaichomoa, akanionyesha unga mweusi uliogandia chuma.

"Mwanangu," akaniambia, "kwanza tutie miti. Haingii mtu humu mpaka tutie miti."

Siku ile yote ikaenda kwenye kutia miti, yaani kuziinua boriti kwa nguzo za muda kabla ya kugusa chochote. Mume wangu aliona tunapoteza siku. Hakuna Mzanzibari angesema hivyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka likiwa ndani ya matengenezo, na mafundi wawili wakafa. Ukitoka kwetu Kiponda unafika pale kabla kahawa haijapoa. Fundi hakutaja jumba lile hata mara moja. Alikagua kila nguzo kwa kuipiga teke.

Kubandua saruji ni kazi ya kelele na vumbi na hamaki. Vijana wawili wa Fundi walipiga patasi, na saruji ikatoka mapande mapande, kila pande limeng'ang'ania ngozi ya jiwe na kuondoka nayo. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa. Agosti, hakuna mvua, na ukuta umelowa! Ukatoka mvuke wa harufu ya kisima kilichofunikwa. Sehemu moja, karibu na pembe, chokaa ya zamani ilikuwa imekuwa tope; Fundi aliikwangua kwa vidole na vijiwe vikamwagika wenyewe. Niliuliza tutaanza lini kujenga. Akasema tusianze, tuufungue tuuache. Kifusi kikatolewa kwa gari la hamali, kwa sababu gari la mafuta haliingii uchochoro wetu hata ulipake sabuni, na bei ya hamali ilinifanya nikae chini kidogo.

Kuuacha ukuta ndiyo kazi ambayo haiwezi kufanywa kwa simu. Ukiwa Coventry ukaambiwa "wiki hii hatufanyi kitu, tunauacha upumue," utasema unaibiwa. Ukiwa pale, unapitisha kiganja asubuhi, unapitisha jioni, unaona rangi ya jiwe inavyofifia kutoka kijivu kizito kuja nyeupe, kuanzia juu kushuka. Na jioni kuna mpira.

Agosti 6 Taifa Stars walicheza na Mauritania. Hatukwenda Dar, tulitazama Jaws Corner, kwenye televisheni ya pale pale wanapokunywa kahawa wazee na kugombana siasa. Mechi ilikuwa kavu mno. Dakika ya 89 Kapombe akafunga, na kahawa ya mume wangu ikamwagika juu ya kanzu ya mzee mwenye kanzu safi kuliko zote barazani. Mzee akatazama kanzu, akatazama televisheni, akasema, "Shemeji, leo umesamehewa." Mtaa mzima ulikuwa umeshampa jina hilo, shemeji wa Kenya, na alilibeba vizuri. Siku nne baadaye Kenya wakiwa pungufu wakaifunga Morocco 1-0 huko Kasarani, na shemeji akanunua kahawa ya watu wote waliokuwepo na wengine waliofuata harufu.

Chokaa Fundi alikuwa ameiloweka kabla hatujafika. Aliagizwa na jirani, akachimba shimo nyuma ya kwake, na sisi tulikuwa tumetuma pesa bila kuelewa za nini. Risiti imeandikwa "shimo". Nilipoliona nikaelewa. Chokaa iliyochomwa ikikutana na maji huchemka kwa joto lake yenyewe, kisha inatulia, na kila inavyokaa chini ya maji inazidi kulainika. Ile yake ilikuwa imekaa muda, nyeupe, nzito, inakatwa kwa mwiko na inabaki na alama ya mwiko. Aliwaita watoto waitazame, lakini kwa mbali, na akawapa miwani na glavu kabla ya kuwaruhusu kusogea, kwa sababu chokaa ikiingia jichoni si jambo la kucheka.

Kipimo chake kilikuwa ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na udongo mwekundu kidogo kwa safu ya kwanza. Mchanga si wa ufukweni, una chumvi. Kwanza walijaza mashimo kwa vijiwe vya matumbawe vilivyochomekwa na chokaa, ili isiwe donge nene la chokaa tupu ambalo litapasuka. Halafu safu ya kwanza, ya kutupa kwa mwiko kwa nguvu ishike. Siku kadhaa. Safu ya pili, ya kusawazisha kwa ubao. Siku kadhaa tena. Kila safu nyembamba, kiasi cha sentimita moja. Chokaa haikauki kwa kupoteza maji peke yake, inashika kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ili ivute inataka unyevu kidogo na muda mwingi. Ikikauka haraka inabaki unga. Kwa hiyo ukuta ule ule tuliohangaika kuukausha sasa ukawa wa kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni na kutundikiwa magunia mabichi.

Kazi hiyo ya maji Fundi aliwapa watoto wangu. Hakuwaomba, aliwapa. Na akaweka sharti moja: jioni hakuna kutoka kwenda Amaan mpaka magunia yawe yamelowa. Nimewahi kutumia vitisho vya kila aina kuwafanya hawa wawili watoe vyombo mezani. Fundi hakutumia hata kimoja. Siku za mechi magunia yalikuwa yanalowa kuanzia saa nane mchana, mara nyengine mpaka uchochoroni watu wanaruka maji.

Kundi lililochezea Zanzibar lilikuwa na Senegal, Nigeria, Kongo Brazzaville na Sudan, na uwanja wa Amaan, tangu ulipojengwa upya na kufunguliwa tena mwisho wa 2023, ni raha ya kwenda na familia: watu 15,000 hivi, unaona nyuso za wachezaji, unasikia kocha anavyofoka. Tulipanda daladala Darajani, watoto wakajifunza kushusha kwa kugonga bati. Mwanangu wa kike alikuwa wa Sudan tangu siku ya kwanza. Darasani kwake Coventry ana rafiki ambaye familia yake imetoka Omdurman, na walikuwa wakitumiana ujumbe usiku.

Wengi tulidhani Sudan wamekuja kushiriki tu. Nchi iko vitani tangu Aprili 2023, na klabu zake mbili kubwa, Al Hilal na Al Merrikh, msimu ule zilikuwa zimecheza ligi ya Mauritania kwa kukosa pa kuchezea kwao. Mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, na ndani kwenyewe hakukaliki. Kocha wao, Mghana Kwesi Appiah, alikuwa na timu iliyozoea kuishi hotelini. Agosti 12 wakaifunga Nigeria 4-0. Nne. Nilikuwa nimekwenda kununua mihogo ya kukaanga nikarudi matokeo yamebadilika, na mwanangu analia, na Msudani mmoja aliyekaa nyuma yetu na wanawe, ambaye hatukuwa tumesemezana naye kabisa, akampa kitambaa chake cha shingoni.

Kesho yake mwanangu alikivaa kitambaa kile ukutani, ananyunyiza maji. Fundi akauliza ile rangi ya wapi, akaelezwa habari yote, klabu, Mauritania, vita. Akaendelea kusawazisha. Baadaye sana, tukiwa tumeshasahau, akasema, "Hawa nyumba yao imeanguka, wanacheza kwenye baraza za watu. Na wanacheza vizuri."

Boriti zilikuwa hadithi nyengine. Tatu zilikuwa zimeoza vichwa, zilizobaki nzima kabisa, na za umri huo ni ngumu kiasi cha kuvunja msumari. Boriti za mkoko siku hizi hazinunuliwi ovyo, mikoko inalindwa na ni haki ilindwe, kwa hiyo Fundi na seremala wake waliziokoa nzima zote na zile tatu wakazikata sehemu mbovu na kuziungia mti uliotiwa dawa, wakaacha nafasi ya hewa kila kichwa kinapoingia ukutani. Jirani wa upande wa pili alikuja kusimama na kutazama kazi ile kwa makini sana. Ana haki. Ukuta wa upande wake ni wa ushirika, boriti zake zimeegemea upande wake, zetu upande wetu, na ukiuchezea wako unamchezea na yeye sakafu anayolalia. Aliondoka ametuletea mkate wa kumimina, nikajua ameridhika.

Ikaja Ijumaa ya Agosti 22. Robo fainali mbili kwa jioni moja: Kenya na Madagascar Nairobi, kisha Tanzania na Morocco Dar. Tanzania ilikuwa haijawahi kufika hatua ya mtoano kwenye CHAN, tulikuwa tumetoka kundini bila kufungwa, na Mzize aliifunga Madagascar mabao mawili peke yake. Tulivuka kwa boti, shangazi wa Kinondoni akatupokea kwa pilau, na tukatazama penalti za Kenya tukiwa tumejazana mbele ya televisheni ya duka la kinyozi karibu na uwanja, ingawa geti lilikuwa limeshafunguliwa, maana mume wangu hataki kusogea. Kenya wakatolewa kwa penalti. Alisimama pale huku watu wa Dar wanampiga piga bega. Kisha tukaingia uwanjani na kipindi cha pili Lamlioui wa Morocco akatufunga sisi. 1-0. Kocha wetu wakati ule, Hemed Suleiman, ndiye aliyeifikisha Zanzibar fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mwaka 2017, na jina lake la mtaani ni Morocco. Tukatolewa na Morocco, tukiwa na Morocco kwenye benchi. Utani huo ulikuwa mitaani kabla hatujatoka uwanjani.

Sijui kama kuna ndoa nyingi zilizopoteza timu mbili usiku mmoja. Kwenye teksi mume wangu akakumbusha, kwa sauti ya chini na bila kuulizwa, kwamba ile fainali ya Chalenji 2017 waliotunyang'anya kwa penalti ni Kenya. Watoto wakacheka mpaka dereva naye akacheka.

Asubuhi boti ya mapema, kwa sababu jioni ile ile Sudan walikuwa na Algeria Amaan. Magunia yalikuwa yamelowa. Fundi alikuwa amekuja siku ya mapumziko yake kuyalowesha mwenyewe. Tukamwomba twende naye uwanjani. Akakataa, akakataa, kisha akaja amevaa koti. Mechi ikaisha 1-1, ikaenda penalti, Sudan wakashinda 4-2. Fundi hakushangilia. Alikuwa akitazama jukwaa. Akaniuliza kama nimeona walivyomalizia zege pale kwenye ngazi, akasema hapo maji yatatuama.

Sudan walifungwa na Madagascar kwenye nusu fainali, katika muda wa nyongeza, na fainali ya Agosti 30 Morocco akachukua kwa 3-2. Mume wangu ameshawaambia watu wote wa Coventry kwamba timu pekee iliyomfunga bingwa ni Kenya, na hilo ni kweli, hakuna namna ya kumnyamazisha.

Ukuta wa uchochoroni tuliuacha na safu ya mwisho, ile laini, na mikono miwili ya chokaa ya kupaka. Rangi ya plastiki Fundi alikataza, na tumekubaliana kwa maandishi, mimi, yeye na mama yangu, kwamba hakuna mfuko wa saruji utakaovuka kizingiti kile bila mimi kupigiwa simu kwanza. Mama alitia sahihi huku ananung'unika kwamba zamani neno lilitosha.

Ghorofa ya juu bado. Kule kuna saruji kwenye kuta tatu na bati linalovuja upande wa magharibi, na nimepiga picha zake zote, kwa simu. Tulipoagana nilimuuliza Fundi afikirie tuanze lini. Mwanangu akadakia kwamba AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, iko hapa hapa, Kenya, Tanzania na Uganda. Fundi akauliza itachezwa mwezi gani. Mwanangu akasema katikati ya mwaka. Fundi akahesabu kwa vidole, masika yaishe, kuta zikae, akasema chokaa ya ghorofa ya juu itahitaji shimo kubwa zaidi kuliko lile, na pesa ya shimo nianze kuituma mapema.